Utingo wa mkono wa kushoto

Mjomba wangu alikuwa utingo kwa miaka kumi na mmoja, kwenye lori la mizigo kati ya Uvira na Bukavu, kabla vita havijatusukuma sote kuvuka ziwa hadi Kigoma. Ukimwuliza kazi hiyo ilikuwaje, hakujibu kwa maneno. Anasimama, anarudi hatua mbili nyuma ya gari ambalo halipo, anapiga kiganja hewani mara mbili: twende. Mara moja: simama. Kwenye kona za Ngomo, anasema, dereva haoni nyuma wala haoni tairi la kushoto linakanyaga nini. Macho yake ni wewe. Gari likizimika mlimani, wewe ndiye unayeruka na gogo mkononi ukalikinge gurudumu. Likianguka, watu watataja jina la dereva. Likifika salama, hivyohivyo.

Namtanguliza mjomba kwa sababu ndiye aliyenilazimisha nielewe kazi ya Kellen Moore, mtu wa mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono. Miaka yote nilijua kumsimulia kama mchezaji tu. Siku moja mjomba akaniuliza, "Huyo mtu wako siku hizi anafanya nini?" Nikamjibu, "Ni kocha msaidizi, mjomba." Akanitazama. "Anasaidia kufanya nini?" Nikaanza kueleza, nikazunguka wee, mpaka akanikatisha: "Basi si useme utingo."

Nilitua Boise, jimbo la Idaho, mwanzoni mwa Oktoba 2010, nikiwa na miaka 19 na ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji, ambao kila mkimbizi aliyepanda ndege anaujua. Nilikulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mpira kwangu ulikuwa wa miguu, na jezi yangu ilikuwa namba 8. Jumamosi ya kwanza, kwa jirani, nikaona kwenye televisheni uwanja wa buluu. Nilidhani seti imeharibika rangi. Nikawa namsubiri mwenye nyumba aipige kofi ubavuni kama tulivyokuwa tukifanya kambini, hakuipiga. Kumbe nyasi za bandia za Chuo Kikuu cha Boise State ni za buluu kweli, tangu 1986, na wenyeji wanajivunia kama sisi tunavyojivunia ziwa. Mimi nilifikiria turubai. Kambini, buluu ile ni ya turubai.

Katikati ya turubai hilo alisimama kijana wa namba 11, Kellen Moore mwenyewe, mfupi kuliko wenzake, akirusha kwa mkono wa kushoto. Kwetu mashoto hupigwa kofi akipokea chakula kwa mkono huo. Huyu uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi ya namna nyingine.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Kila jaribio huanza mpira ukipitishwa nyuma, katikati ya miguu ya jitu moja nene, hadi mikononi mwa kwotabeki. Kuanzia hapo ana sekunde mbili, tatu akibahatika, za kuamua ampe nani, kabla watu wa kilo 130 hawajamlalia. Mengine yote ni mapambo.

Novemba 26, 2010, Ijumaa usiku, nilikuwa wiki yangu ya pili kazini, naosha vyombo kwenye mgahawa ambao sitautaja. Boise State walikuwa Reno, wanacheza na chuo cha Nevada. Walikuwa wameshinda mechi 24 mfululizo. Mapumziko walikuwa mbele 24 kwa 7, na wapishi walikuwa wanaimba. Nilikuwa naingia na kutoka na trei za glasi, kwa hiyo mechi niliiona vipande vipande: naingia, 24 kwa 7, narudi, Nevada wamesogea, narudi tena, 31 kwa 31 na zimebaki sekunde 13. Safari hiyo sikuondoka. Nilisimama na trei yangu mlangoni.

Moore alirusha mpira mmoja mrefu sana, ule wa kutupwa ili mtu aukute, na mwenzake Titus Young akauruka akaudaka karibu na mstari wa mwisho. Wakabakiwa na nafasi ya mpira mmoja wa kupiga kwa mguu, yadi 26, kati ya nguzo mbili. Kazi ambayo mpigaji yule alikuwa ameifanya mara nyingi tu. Ukatoka nje kulia. Muda wa nyongeza akapewa mwingine, yadi 29. Ukatoka nje kushoto. Nevada wakapiga wao, ukaingia, 34 kwa 31. Mgahawa mzima ukawa kama msibani. Watu waliacha pesa mezani wakaondoka bila kumaliza kula. Nilipokusanya sahani usiku ule zilikuwa nzito, zimejaa chakula. Sikuwa naelewa kanuni hata nusu, lakini nilijua nimeona mtu akifanya kila lililo lake halafu mambo yakaharibikia mguuni kwa mwingine.

Kwa mji huu yule kijana aliacha hesabu ambayo watu wanaisoma kama tenzi. Misimu minne, 2008 hadi 2011, mechi 50 alizoshinda na 3 alizopoteza. Kabla yake hakuna kwotabeki wa ngazi ya juu ya vyuo aliyewahi kufikisha ushindi 50. Alizopoteza: chuo cha TCU cha Texas kwa pointi 1 mwaka 2008, Nevada kwa pointi 3, TCU tena kwa pointi 1 mwaka 2011. Pointi 5 kwa jumla, katika miaka minne! Yadi alizorusha ni 14,667, ambazo ukizipima kwa miguu ni kilomita 13 na ushei. Alizaliwa na kukulia Prosser, mji mdogo wa wakulima jimbo la Washington, ambako baba yake ndiye alikuwa kocha wa shule ya sekondari. Mtoto wa fundi cherehani hucheza na vitambaa. Huyu alikua akicheza na michoro ya mashambulizi.

Sasa, kila Aprili timu 32 za NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, hukaa na kuchagua wachezaji kutoka vyuoni, raundi saba. Mwaka 2012 yalisomwa majina 253. La kwanza lilikuwa la kwotabeki. La mwisho kabisa, la 253, lilikuwa la kwotabeki pia. La Moore halikusomwa. Futi 6 tu, wakasema, na mkono hauna nguvu ya kutosha. Walikuwa wamempima sawasawa, niseme ukweli. Mpira wake haukutoka kama risasi. Ulitoka mapema.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe, na ndipo ninapogombana na rafiki zangu wa hapa. Wao husema NFL ilimdhulumu, ilimkalisha benchi miaka sita. Mimi naona walimsomesha bure, tena kwa mshahara.

Mtu asiyeweza kurusha kwa nguvu lazima ajue mapema mwenzake atakuwa wapi. Boise State, chini ya kocha Chris Petersen, walikuwa na desturi ya kumsogeza mchezaji mmoja, kumkimbiza kutoka upande huu hadi ule kabla mpira haujaanza. Mgeni akiona atadhani ni mbwembwe. Kumbe ni swali wanaloulizwa mabeki. Beki akimfuata mkimbiaji, basi wanalinda mtu kwa mtu. Akibaki pale pale na wenzake wakajisogeza kidogo tu, wanalinda maeneo. Kwotabeki anapata jibu kabla ya kuugusa mpira. Nimeangalia mechi za zamani za Moore mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu, na siku hizi siangalii mkono wake, naangalia kichwa. Kinageuka kushoto, kinageuka kulia, halafu kinatulia. Kikishatulia, jaribio limekwisha, hata kama mpira haujatoka.

Alichukuliwa na Detroit Lions kama mtu wa akiba. Misimu mitatu hakucheza hata mechi moja ya ligi. Lakini tuulizane, kwotabeki wa tatu anafanya nini wiki nzima? Anaigiza. Jumapili mnacheza na timu fulani. Kuanzia Jumatano yeye anavaa uhusika wa kwotabeki wa timu hiyo, anapewa michoro yao, anaendesha mashambulizi yao dhidi ya mabeki wa kwao ili wazoee. Wiki ijayo anakuwa mtu mwingine. Siku ya mechi anasimama pembeni, anasikiliza kila amri inayotumwa na kutazama ilivyokwenda.

Naijua kazi hiyo. Nilipotoka kwenye vyombo nikawa mkalimani, Kiswahili na Kiingereza, zahanati, mahakamani, shuleni. Kanuni ya kwanza unayofundishwa ni kusema "mimi." Mama akisema tumbo linaniuma, hutasema "anasema tumbo linamuuma." Unasema linaniuma. Asubuhi nimekuwa mama mwenye mimba ya miezi saba, saa nne nimekuwa daktari, mchana nimekuwa kijana aliyepigwa faini ya mwendo kasi, na pia hakimu aliyempiga. Jioni hujui hata sauti yako iko wapi. Ila baada ya miaka unagundua kwamba unaijua hospitali kuliko mgonjwa yeyote na unawajua wagonjwa kuliko daktari yeyote. Hakuna aliyekukusudia uelimike hivyo.

Mwaka 2015 akahamia Dallas Cowboys, na Desemba hiyo, kwotabeki wa kwanza akiwa majeruhi na mwingine akiwa amechemsha, mlango ukafunguka. Mechi tatu. Dhidi ya Jets aliingia kati, akarusha pasi moja ya bao, tachidauni wanavyoiita, na kunyang'anywa mipira mitatu. Kwa Buffalo walifungwa 16 kwa 6. Kwa Washington akarusha yadi 435, na bado wakafungwa 34 kwa 23. Hiyo ndiyo kazi yake yote ya uchezaji katika NFL: mechi tatu, hakuna ushindi hata mmoja. Mtu wa 50 kwa 3! Nilikuwa nimewaalika watu nyumbani kwa mechi ya Buffalo. Nilipika pilau. Tuliila kimya.

Halafu Agosti 2016, kambini kwa maandalizi, akavunjika mfupa wa mguu. Alikuwa ndiye wa pili nyuma ya Tony Romo. Kijana mgeni aliyechaguliwa wa 135, Dak Prescott, akapanda toka wa tatu hadi wa pili bila kunyanyua kidole. Wiki chache baadaye Romo akaumia mgongo kwenye mechi ya majaribio kule Seattle. Prescott akaanza msimu, akashinda mechi 13 kati ya 16, na Romo hakuirudia tena nafasi yake. Moore alibaki kwenye timu na mguu wake mbovu.

Mjomba aliposikia sehemu hii alicheka mpaka akakohoa. Anaijua. Kwao, dereva aliumwa malaria njiani, utingo wa kwanza akawa ameteguka mkono, na aliyeshika usukani kuteremka Ngomo ni kijana wa kupakia saruji. Hakuachia usukani tena. "Na yule wa mkono?" nikamwuliza. "Yule ndiye aliyekaa pembeni yake kumwambia gia." Akanyamaza kidogo. "Ndiye mimi."

Januari 2018 Moore akavua jezi na timu ileile ikamfanya kocha wa makwotabeki. Mwanafunzi wake wa kwanza: Prescott. Walikuwa wamekaa chumba kimoja cha masomo, bega kwa bega. Sasa mmoja akahamia mbele ubaoni. Mwaka mmoja baadaye, akiwa na miaka 30, wakampa mashambulizi yote. Hapo ndipo unapokuwa utingo hasa, kwa sababu wewe ndiye unayechagua kila jaribio na sauti yako ndiyo inayoingia kichwani kwa dereva.

Naomba niliseme hili taratibu maana linanisisimua kila mara. Katika NFL, mchezaji mmoja wa upande wa mashambulizi ana redio ndani ya helmeti. Mgongoni mwa helmeti hiyo pana nukta ya kijani ili waamuzi waitambue. Saa ya kuanzisha jaribio huhesabu sekunde 40. Kocha anaongea: jina la mchoro, nani asogezwe, angalia yule beki wa kulia amechoka. Saa ikifika sekunde 15, sauti inakatwa. Wenyewe wanaikata, ndiyo sheria. Kilichobaki ni cha mchezaji na macho yake. Kule chuoni enzi za Moore redio haikuwepo kabisa. Walipokea amri kwa ishara za mikono kutoka pembeni, na redio za vyuo zilianza 2024 tu.

Mimi hutafsiri kwa simu mara nyingi, na laini hukatika. Mgonjwa amesikia "kunywa vidonge viwili" na hajasikia "kwa siku." Kwa hiyo nimejizoeza kuanza na neno ambalo bila hilo mtu ataumia. Sijui kama Moore alifundishwa hivyo au alijifunza kwa kusikiliza, lakini ukiwa na sekunde 25 za kuzungumza na mtu anayepigiwa kelele na watu 70,000, huwezi kuanza na salamu.

Jumamosi namsaidia mwalimu mmoja mstaafu kufundisha watoto soka, wa miaka kumi hadi kumi na miwili. Yeye ni kocha mkuu, mimi ndiye mwenye koni na maji. Anasema sentensi moja ya Kiingereza, mimi nasema tatu za Kiswahili, kuna mtoto anasema moja ya Kikirundi kwa ndugu yake, na mpaka hapo winga ameshaotea. Mwaka jana mtoto wetu wa namba 8 alikuwa na tabia ya kutazama mpira mguuni. Kocha mkuu alimpigia kelele msimu mzima ainue kichwa. Mimi nilimwekea sharti: kabla hujapokea, niambie kwa sauti koni ya nyuma yako ni ya rangi gani. Kila mara nazibadilisha. Wiki ya kwanza alikosea zote na akanichukia. Sharti hilo nimeliiba kichwani kwa Moore, kile kichwa kinachogeuka kushoto na kulia.

Msimu wa 2019 mashambulizi ya Dallas yaliongoza ligi nzima kwa yadi. Matokeo: mechi 8 walizoshinda, 8 walizopoteza. Kocha mkuu Jason Garrett akaondoka, akaja Mike McCarthy, utingo akabaki. Mwaka 2021 wakaongoza tena, kwa yadi na kwa pointi. Januari 2023 wakatolewa na San Francisco, 19 kwa 12, na ndani ya siku chache Moore hakuwa tena Dallas. Akaenda Los Angeles kwa Chargers. Desemba ya mwaka huo walifungwa na Raiders 63 kwa 21, kocha mkuu akafukuzwa, na mwaka ulipogeuka Moore akawa Philadelphia. Timu tatu katika misimu mitatu. Watoto wa makocha hawa wanasoma shule ngapi, hilo huwa haliandikwi.

Kule Philadelphia kulikuwa na kocha mkuu Nick Sirianni, kwotabeki Jalen Hurts, na mkimbiaji aitwaye Saquon Barkley. Nilitegemea Moore angemimina pasi, ndiyo sifa yake. Aliona alichonacho akampa Barkley mpira, na Barkley akakimbia yadi 2,005 msimu huo. Wapo mashabiki hapa Boise waliolalamika kwamba "Kellen wetu" amekuwa wa kuchosha. Mjomba alisema utingo anayemwambia dereva apite njia anayoipenda yeye, na si ile ambayo lori linaiweza, atakula majani ya bonde.

Februari 9, 2025, Super Bowl, fainali ya NFL, New Orleans. Kwetu ilikuwa Jumapili alasiri, theluji ya siku mbili imeganda barazani, sebule imejaa, sombe na ugali mezani kwa sababu nimeapa kutopika pilau tena kwa mechi za Moore. Philadelphia walikwenda mapumziko 24 kwa 0 mbele ya Kansas City. Ilipoisha ilikuwa 40 kwa 22. Mjomba alikuwa amekaa karibu na kioo tangu mwanzo, na miwani yake imeteremka puani.

"Utingo wetu yuko wapi?"

"Yupo, mjomba."

"Mbona simwoni?"

Walimwonyesha Sirianni akimwagiwa ndoo ya kinywaji. Walimwonyesha Hurts, aliyetangazwa mchezaji bora wa mechi. Walionyesha wake na watoto, karatasi za rangi zikianguka, na tajiri mwenye timu akiwa amenyanyua kombe. Mjomba alisubiri mpaka matangazo ya magari yakaanza, akavuta koti lake akaenda kulala.

Siku mbili baadaye nikampigia simu nikiwa kwenye maegesho ya zahanati. Nikamwambia New Orleans Saints, wenye jiji lilelile na uwanja uleule wa Jumapili, wamemchukua Moore awe kocha mkuu.

"Wamempa usukani?"

"Wamempa, mjomba."

Nilisikia kiti chake kikilia, amesimama.

"Basi atafute utingo," akasema. "Tena haraka."